Mashine inasema rangi ni ile ile, jicho linakataa: kwenye metaliki tumwamini nani?

#1 Mpulizaji

Wakuu, salaam. Nimekwama.

Nimepaka mlango wa gari la rangi ya fedha, metaliki, yaani yenye magamba madogo ya alumini ndani yake. Spektrofotomita yangu, mashine ya kupimia rangi, ina pembe sita. Nimepima madigadi ya zamani, nikapima mlango mpya, na tofauti ya rangi, ile ΔE, haikufika 1 kwenye pembe yoyote. Nikaridhika. Gari likatolewa juani, mwenyewe akasimama hatua mbili akasema, "Mlango huu una mchanga." Nikasogea nikatazama, ni kweli. Vimeto, zile nukta zinazometameta, vya mlangoni ni vikali na vimeachana, vya madigadi ni laini na vimesongamana.

Tukalirudisha kivulini. Vimeto vikatoweka, lakini tofauti haikuisha. Sasa mlango una madoadoa, kama mtu kachanganya unga mweupe na majivu bila kukoroga vizuri. Ukirudi nyuma hatua sita au saba, huoni kitu, paneli zote mbili ni sawa.

Naomba mwenye kujua anieleze: mashine imekosea wapi?

#2 MamaSpektra

Mkuu, mashine haijakosea. Uliiuliza swali la rangi ikakujibu la rangi.

Spektrofotomita hukusanya mwanga wote unaotoka kwenye duara inalopima, la upana wa milimita kadhaa, kisha hutoa wastani. Chukua ubao wa drafti wenye miraba mikubwa na mwingine wenye miraba midogo, weusi na weupe nusu kwa nusu. Wastani wa zote mbili ni kijivu kile kile, ΔE yake sifuri. Lakini hakuna mtu mwenye macho atakayekwambia zinafanana. Hicho unachokiona mlangoni ni mtawanyiko ndani ya lile duara, na mtawanyiko haumo kwenye wastani.

Ndiyo maana vifaa vya siku hizi vina kamera ndani. BYK-mac kwa mfano inapima rangi kwenye pembe sita, halafu inapiga picha. Kwa mmeto inawasha taa kali kutoka nyuzi 15, 45 na 75, kamera ikitazama wima. Kwa punje, yale madoadoa ya kivulini, inatumia mwanga uliotawanywa na kuba jeupe. Ni namba mbili tofauti kwa sababu ni mambo mawili tofauti, kama ulivyoona mwenyewe juani na kivulini. Kifaa chako kina kamera?

#3 Mpulizaji

Hakina, dada. Ni cha pembe tu. Asante, mfano wa drafti umeniingia.

#4 MzeeWaKliya

Nimekuwa kwenye upulizaji tangu wengine humu hamjashika bunduki ya rangi, na sikuwahi kuwa na kamera. Tatizo lako ni mkono. Umepuliza mbichi.

Ukipuliza mbichi, rangi inatua ikiwa na thina nyingi, magamba ya alumini yanaogelea, yanazama, yanasimama ovyo kabla rangi haijakaza. Uso unakuwa mweusi kidogo na punje zinajitokeza. Ukipuliza kavu, upepo mwingi na rangi kidogo, magamba yanalala bapa, uso unakuwa mweupe na laini. Kopo moja, fundi mmoja, na unapata rangi mbili. Nenda kapulize kadi tatu, moja mbichi, moja ya kawaida, moja kavu, uziweke juani pamoja na madigadi. Utanipa jibu wewe.

#5 JichoKali

Mzee #4 heshima yako, ila kuna kitu hakikai sawa. Angekuwa amepuliza mbichi, weupe wa uso ungebadilika, na mashine ingeona kwenye pembe ya 15 na 25. Yeye anasema ΔE haikufika 1 kote. Mkao wa magamba hauwezi kubadilika kiasi cha kuonekana hatua mbili halafu pembe zote zinyamaze.

Mimi nasema ni saizi ya gamba. Fomula uliyochanganya ina alumini ya ukubwa mwingine. Unaweza kupata weupe ule ule na mgeuko ule ule (jinsi weupe unavyobadilika ukibadili pembe ya kutazama) kwa gamba kubwa ukilisindikiza na rangi nyingine kidogo za kurekebisha. Programu ya kuchanganya inatafuta ΔE ndogo. Ikikuta mchanganyiko unaotimiza hilo kwa alumini kubwa, inakupa huo bila haya.

#6 KemiaYaRangi

Niongeze nyama kwenye hoja ya #5. Alumini za rangi za magari haziko za aina moja. Kuna aina ya kornfleki, kingo zimechanika na uso una makunyanzi, na kuna aina ya dola ya fedha, mviringo na laini. Hata zikiwa na ukubwa sawa, dola ya fedha inaakisi kama kioo na kornfleki inatawanya mwanga kwenye kingo zake. Kisha kuna alumini iliyotengenezwa kwa kuvukiza metali ndani ya ombwe, unene wake ni makumi machache tu ya nanomita, nayo karibu haina punje kabisa. Inaonekana kama zebaki iliyomwagwa.

Halafu kuna lulu, yaani mika iliyovikwa titani dioksaidi au oksidi ya chuma, na magamba ya kioo na ya alumina. Hayo mawili ya mwisho ndiyo mabingwa wa vimeto kwa sababu uso wake ni bapa sana. Kwa hiyo, Mpulizaji, fomula yako ina alumini peke yake au kuna kitu kingine?

#7 Mpulizaji

Fomula ina alumini mbili, moja imeandikwa "laini" na nyingine "kubwa", pamoja na nyeusi na bluu kidogo. Hakuna lulu.

#8 JichoKali

Ndiyo hiyo sasa! "Kubwa" hiyo.

#9 MzeeWaKliya

Bwana mdogo #8 usishangilie, mpira haujaisha. Hiyo fomula ni ya kiwanda kilichotoa rangi, wamejaribu kabla ya kuiweka kwenye kitabu. Imekuwaje kwa wengine inakubali na kwake inakataa?

#10 MpimaMwanga

Habari za humu. Nafanya kazi ya upimaji, nataka kusahihisha jambo la #5 kuhusu pembe, kwa sababu linabeba hoja nzima.

Watu hudhani kwamba ukipima nyuzi 45 kutoka kwenye mwako wa kioo, yaani pale mwanga unaporudi kama kwenye kioo, unaona magamba yaliyoinama nusu yake, yaani 22.5. Sivyo. Mwanga unapinda ukiingia kwenye kliya, lile tabaka angavu la juu, na unapinda tena ukitoka. Kipimo cha kupinda kwa kliya ni karibu 1.5. Taa ikiwa nyuzi 45, ndani ya kliya inasafiri kwa nyuzi 28 tu. Ukifanya hesabu, pembe ya 15 inakuonyesha magamba yaliyoinama kama nyuzi 4, pembe ya 45 yaliyoinama 14, ya 75 yaliyoinama kama 24, na 110 kama 33.

Magamba yaliyopulizwa vizuri mengi yamelala, hayazidi nyuzi chache. Kwa hiyo pembe za 75 na 110 zinakwambia habari za kingo na za rangi nyingine zaidi kuliko za vioo. Fundi anaweza kuvuruga mkao wa magamba, ukavurugika pia uwiano wa rangi, moja likaficha jingine na ΔE ikatulia. Sisemi ndilo lililotokea. Nasema ΔE ndogo haiwezi kumtoa #4 kwenye kesi.

#11 MzeeWaKliya

Nimeelewa nusu, lakini hiyo nusu nimeipenda.

#12 JichoKali

#10 nimekubali sahihisho, hesabu ya kupinda sikuitia maanani. Hata hivyo kipimo cha mgeuko kipo: 2.69 mara tofauti ya L (namba ya weupe) ya pembe 15 na L ya 110 kwa kipeo cha 1.11, gawa kwa L ya 45 kwa kipeo cha 0.86. Rangi isiyo na magamba inatoa sifuri, metaliki yenye mgeuko mkali inafika 15 na kitu. Mpulizaji, fanya hesabu hiyo kwa paneli zote mbili. Zikifanana, mkao wa magamba hauna tofauti kubwa.

#13 KijanaKompresa

Naomba kuuliza, msinicheke. Gamba la alumini ni mikroni ishirini au thelathini. Jicho linawezaje kuona kitu cha mikroni ishirini ukiwa umesimama? Mimi hata herufi ndogo za kwenye kopo zinanishinda.

#14 MpimaMwanga

Hakuna wa kukucheka, umegusa penyewe.

Jicho zuri linatenganisha vitu viwili vilivyoachana kama dakika moja ya nyuzi. Kwa nusu mita hiyo ni karibu mikroni 145. Kwa mita moja ni 290. Gamba la mikroni 25 ukiwa nusu mita ni moja ya sita ya uwezo huo. Umbo lake hulioni kamwe.

Lakini kuona umbo na kuona nuru ni mambo mawili. Nyota ni ndogo mno kwa jicho na bado unaziona, kwa kuwa zina mwanga wa kutosha na kilicho kando yake ni giza. Gamba linaloelekeza jua moja kwa moja kwenye mboni ya jicho lako ni nyota ya namna hiyo. Na hapa saizi ina nguvu kuliko watu wanavyodhani. Gamba dogo hutawanya mwanga kwa sababu ya mtawanyo wa mawimbi. Gamba la mikroni 25 linatandaza mwanga wa kijani kwenye upana wa nyuzi 1.3 hivi, zaidi ya upana wa jua lenyewe ambalo ni nusu nyuzi. Ukilifanya gamba liwe na kipenyo maradufu, linashika mwanga mara 4 na kuubana kwenye eneo la mara 4 dogo zaidi. Katikati ya mwale unapata mara 16. Hiyo ni kwa gamba lililonyooka kama kioo. La kornfleki halifiki huko.

Kwa hiyo alumini kubwa chache zinatosha kubadilisha sura ya paneli nzima juani huku wastani ukitikisika kidogo tu.

#15 JichoKali

Asante #14. Nimesema nini mimi tangu mwanzo?

#16 MamaSpektra

Umesema saizi, na juani una haki. Bado hujaeleza kivulini. Kwenye mwanga uliotawanyika kila gamba linaakisi sehemu fulani ya anga, hakuna nyota. Yale madoadoa aliyoyaona #1 hayawezi kuwa gamba moja moja. Ni makundi: mahali magamba yamejazana ni peupe, yalipoachana ni peusi. Hilo linategemea saizi, ndiyo, lakini linategemea pia rangi ilivyotua, jinsi magamba yalivyoshikana, na unene wa tabaka.

Mwaka 2007 watafiti wa AkzoNobel walichapisha kazi iliyotenganisha mambo haya wazi: vimeto vya chini ya mwanga mkali upande mmoja, na ukwaru, yaani punje, wa chini ya mwanga uliotawanyika upande mwingine, kila kimoja na mizani yake ya macho ya watu. Waliwapa watu paneli wazipange, kisha wakatafuta hesabu ya picha inayokubaliana na watu. Nasisitiza mpangilio huo kwa sababu kuna watu wanaamini namba ya kifaa imeshuka kutoka mbinguni. Jicho lilitangulia, namba ikafundishwa kulifuata.

#17 FundiWaKiwandani

Nasoma kimya tangu asubuhi. Wote mmesahau bomba.

Kwenye laini yetu rangi ya metaliki inazunguka kwenye mabomba saa zote, pampu inaisukuma, vali inaibana. Magamba ya alumini ni membamba, yanakunjwa na kukatika. Baada ya majuma rangi ile ile inakuwa na uso mweusi zaidi na punje tofauti na siku iliyoingia. Tulihangaika na bampa na bodi kutolingana mpaka tukagundua kopo la bampa lilikuwa jipya na la bodi limezunguka muda mrefu. Madigadi ya Mpulizaji ilipakwa kiwandani, na huenda imepakwa kwa magamba yaliyochoka. Fomula ya kitabu inamrudishia magamba mazima. Ndiyo jibu la swali la mzee #9.

#18 KemiaYaRangi

Hoja nzuri sana hiyo, na kinyume chake pia kipo. Mpulizaji, umechuja rangi kwa chujio gani? Na kopo la alumini ulilikoroga muda gani kabla ya kupima? Alumini inazama. Ukichota juu ya kopo bila kukoroga unapata nyepesi na laini, nzito imebaki chini inamsubiri mteja wa mwisho.

#19 Mpulizaji

Chujio la mikroni 190. Kukoroga... kopo la alumini kubwa lilikuwa linakaribia kuisha.

#20 KemiaYaRangi

Basi wewe ndiye yule mteja wa mwisho. Pole mkuu.

#21 MzeeWaKliya

Hahaha! Kijana amekunywa machicha.

#22 NuruNaKivuli

Mimi si wa rangi, nashughulika na picha za bidhaa, lakini mada imenishika. Kuna jambo hamjaligusa: macho ni mawili.

Nikipiga picha ya gari la metaliki, picha inatoka kama plastiki yenye vumbi, haina uhai ule. Niliwahi kudhani ni kamera. Kisha nikafumba jicho moja mbele ya gari lenyewe, na uhai ukapungua vile vile. Jaribuni. Kimeto linachokiona jicho la kushoto si kile cha kulia. Ubongo unapewa nyota mbili zisizolingana mahali pamoja, nao unazisoma kama kina na mng'ao.

#23 MpimaMwanga

Kabisa. Macho yameachana kama sentimita 6.5. Kwa sentimita 60 hiyo ni nyuzi 6 na kidogo, na mwale wa gamba lile la #14 hauna upana huo, basi macho mawili yanaona magamba tofauti. Kwa mita 3 pengo ni nyuzi 1.2, hapo macho yote mawili yanaweza kuingia kwenye mwale mmoja. Sidai kwamba hii ndiyo sababu Mpulizaji aliona tofauti ikififia alipoondoka. Kwa umbali huo madoadoa yenyewe yanakuwa madogo kuliko jicho linavyoweza kutenganisha. Pengine ni yote mawili.

Kamera ya ndani ya kifaa ni jicho moja, limesimama. Mtu anatikisa kichwa, anatembea, vimeto vinawaka na kuzima. Kwangu mimi hilo ndilo pengo kubwa kati ya namba na macho, kubwa kuliko saizi na mkao.

#24 MamaSpektra

Hapo tunatofautiana, mkuu. Tumepanga paneli nyingi kwa macho, watu wakiruhusiwa kutikisa kichwa, na mpangilio wao wa vimeto ulikaribiana na wa kifaa mradi paneli ni za rangi inayofanana. Panapovunjika ni kwenye rangi tofauti: kimeto kile kile juu ya nyeusi kinapiga kelele, juu ya nyeupe kinapotea. Na kwenye lulu zenye vimeto vya rangi rangi, kamera isiyoona rangi inahesabu kijani na nyekundu kama nuru moja. Mwendo si adui mkubwa. Usuli ndio adui.

#25 MpimaMwanga

Paneli zenu zilikuwa bapa, dada. Gari lina mabega.

#26 MamaSpektra

Hilo nakupa.

#27 KijanaKompresa

Nje ya mada kidogo: ni kweli alumini kwenye bampa inasumbua rada ya gari?

#28 FundiWaKiwandani

Kweli. Rada hizo zinafanya kazi kwenye gigahezi 76 mpaka 81 na zinatazama kupitia bampa ya plastiki. Magamba ya alumini yanarudisha na kudhoofisha mawimbi. Tabaka moja la kiwandani limehesabiwa. Ukipaka juu yake la pili na la tatu, hesabu imeharibika. Kabla ya kupaka bampa yenye rada nyuma yake, soma maelekezo ya mtengenezaji wa gari kuhusu idadi ya tabaka na unene. Hili si la kupuuza, ni breki za mtu.

#29 JichoKali

Turudi. Hivi hakuna kiwango cha kimataifa cha mmeto na punje? Kifaa cha kampuni hii kinatoa namba yake, cha kampuni ile kinatoa namba nyingine. MA-T12 ya X-Rite nayo inatoa mmeto na ukwaru, lakini siwezi kuchukua namba yake nikailinganisha na ya BYK-mac.

#30 MpimaMwanga

Huwezi, na usijaribu. Kila mmoja ana taa yake, lenzi yake na hesabu yake. CIE, tume ya kimataifa ya mwanga na rangi, iliunda kamati ya pamoja, JTC 12, kwa ajili ya kupima mmeto na punje, na taasisi za vipimo za Ulaya ziliingia kwenye mradi wa xD-Reflect ulioanza 2013, mmeto ukiwa miongoni mwa kazi zake. Lengo ni kufafanua mmeto kwa vipimo vinavyoweza kufuatiliwa hadi kwenye mita na kandela (kipimo cha ukali wa mwanga), badala ya kila mtu kuwa na mizani ya nyumbani. Mpaka hapo, linganisha kifaa na chenyewe: madigadi na mlango, kifaa kimoja, siku moja.

#31 MzeeWaKliya

Na bila kifaa: tochi moja kali, chumba cheusi, kisha dirisha lisiloelekea jua. Mahali pawili, macho mawili, kadi tatu. Nilisema #4.

#32 Mpulizaji

Wakuu nimerudi, asanteni wote. Nimefanya mliyoniambia.

Hesabu ya mgeuko: madigadi 12.1, mlango 11.8. JichoKali, ziko karibu.

Kadi tatu za mzee, kopo lile lile: kavu imepunguza madoadoa ya kivulini, imekaribia sana madigadi. Lakini juani vimeto vikali bado vipo, na uso umekuwa mweupe kupita madigadi, mashine imeona mara moja. Kisha nikachukua kopo jipya la alumini kubwa, nikalikoroga kwa mashine, nikapuliza kawaida: vimeto vya juani vimeshuka. Havijafika vya madigadi. Madoadoa ya kivulini yamebaki.

#33 JichoKali

Juani ni saizi. Imethibitika.

#34 MzeeWaKliya

Kivulini ni mkono. Imethibitika.

#35 FundiWaKiwandani

Na kilichobaki juani ni magamba yaliyochoka bombani. Hakuna kopo jipya litakalokupa hayo.

#36 KemiaYaRangi

Kabla hamjagawana ushindi: Mpulizaji, kliya ya mlangoni ina unene gani ukilinganisha na ya madigadi, na umeisugua kwa polishi? Maganda ya chungwa, yaani yale mawimbi madogo juu ya kliya, yanafanya kazi kama lenzi ndogo ndogo, yanakuza na kutawanya vimeto. Hilo hakuna aliyeligusa tangu #1.

#37 Mpulizaji

Madigadi imesuguliwa polishi mara nyingi, ni gari la zamani. Mlango haujaguswa. Kesho nasugua nusu ya mlango, nusu naiacha, nitaleta majibu.

#38 NuruNaKivuli

Ukitazama, fumba jicho moja pia, uniambie.